Baba wa Ile Sauti

Jumatatu, 3 Agosti

Tangu asubuhi sijashona hata pazia moja. Binti yetu ataonekana kwenye televisheni!

Tunamwita Kinanda tangu utotoni, maana hata kulia alikuwa analia kwa kupandisha na kushusha. Sasa ni mmoja wa waitikiaji wa yule mwimbaji ambaye nchi nzima inamwita Malkia, na Malkia anarekodiwa tamasha maalumu la televisheni. Onyesho zima! Taa, moshi, bendi kubwa, watu wamependeza.

Na si kuitikia tu. Kuna wimbo mmoja Malkia ananyamaza, Kinanda anasogea mbele, anaimba mistari minne peke yake. Halafu ndipo penye kazi: Malkia anataka mwitikiaji mmoja wa kwenda naye ziara ya nje. Amesema hataamua ukumbini, ataamua akishakiona kipindi kwenye televisheni kama mtazamaji mwingine yeyote. Mistari minne ikitoka vizuri, mtoto kaula. Isipotoka, atarudi kuimba kwenye harusi za watu huku wanatafuna.

Jioni kapita Shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu, mwalimu wa udereva, mtu wa kujua kila kitu. Kaisikia habari, akaegemea mlango wangu, akasema sauti ile ni ya ukoo wao. Eti marehemu babu yao alikuwa akimwita mtu ng'ambo ya mto, mtu anaitika. Nikamwambia watu wa ukoo wao wakiimba mbwa wanahama mtaa. Mke wangu akaniangalia. Nikarekebisha haraka: wote isipokuwa mmoja.

Nimeapa leo. Nchi nzima itajua baba wa ile sauti ni nani.

Jumanne, 4 Agosti

Kinanda kaleta tiketi mbili, yangu na ya mama yake. Katusomea masharti kama tunakwenda kufanyiwa upasuaji. Watarekodi siku tatu, lakini kwenye televisheni itaonekana ni jioni moja. Kwa hiyo watazamaji lazima tuvae nguo zilezile na tukae viti vilevile siku zote tatu. Akanishika mkono, akaniomba nivae koti langu la kijivu na nikae kimya. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mwanangu, baba yako ni mtu mzima.

Kijivu! Kijivu nani ataniona?

Dukani ninacho kitambaa cha njano, robota karibu zima. Hoteli moja iliagiza mapazia, kisha meneja akaiona rangi, akashika ukuta. Ni njano ya kiini cha yai. Kizito, kinang'aa, kimetengenezwa kuzuia jua. Nimefunga mlango wa duka, nimejikatia suti. Suruali, koti, vifungo vya dhahabu. Nimejipima kwenye kioo. Mashallah.

Ni ya moto kidogo. Na nikikaa inabaki imesimama. Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Shemeji kauliza kama kuna tiketi ya ziada. Nimemwambia zimekwisha zote. Kweli zimekwisha, mbili zote.

Jumatano, 5 Agosti

Siku ya kwanza ya kurekodi. Mke wangu aliponiona nimetoka chumbani akakaa kitandani. Akauliza kama hoteli inajua. Njiani alitembea hatua kadhaa mbele yangu, na ukumbini akaweka mkoba wake katikati yetu, lakini tiketi ni tiketi, viti vilikuwa pamoja. Upande wa kushoto, safu ya kati.

Mambo ya televisheni ni ya ajabu! Kabla hajaja mwimbaji yeyote, akatoka kijana mwenye sauti ya mnadani akatuambia tupige makofi. Jukwaani hapakuwa na mtu isipokuwa mama mmoja anapiga deki. Tukampigia makofi. Akatuambia tucheke. Tukacheka. Akasema sasa tuonekane tumeguswa sana moyoni. Mama wa deki akasimama akatuangalia, akainua ndoo yake akaondoka.

Kumbe makofi na machozi yetu wanayaweka akiba, watayabandika baadaye wanapotaka.

Pia kuna dada mwenye kamera ndogo shingoni. Kazi yake ni kuhakikisha kila kitu cha leo kinafanana na cha kesho: nywele, vikombe, nani kakaa wapi. Nimempa jina Dada Mfanano. Hacheki. Alipofika safu yetu akanipiga picha, akasita, akapiga nyingine.

Taa zilipowaka, sauti ya mwongozaji ikasikika kwenye spika ikiuliza ni nani huyo aliyekuja na mapazia. Ukumbi mzima ukageuka. Nikasimama nikainama kwa heshima. Mke wangu akawa anatafuta kitu ndani ya mkoba, akakitafuta mpaka mapumziko.

Lakini matokeo? Kila kamera inapopita, njano! Dada Mfanano akarudi kuniambia kwamba sasa nimeshaingia kwenye picha nyingi, haiwezekani kuniondoa, kwa hiyo nihakikishe narudi na suti ileile na kiti kilekile. Kilekile, akarudia. Nikamwambia dada, umepata mtu.

Wimbo wa Kinanda wameurekodi nusu ya kwanza tu, ile anayoimba Malkia. Muda ukaisha. Mistari ya Kinanda ni kesho.

Kinanda kaniona kutoka jukwaani. Kafumba macho kwa muda. Nadhani ni taa.

Alhamisi, 6 Agosti

Ushindi! Ushindi! Lakini nieleze kwa utaratibu.

Jukwaa lina ulimi mrefu unaoingia katikati ya watu. Kinanda akiimba mistari yake anatembea mpaka kwenye ncha ya ule ulimi. Kamera inayompiga iko upande wetu wa kushoto. Maana yake nini? Maana yake watakaoonekana nyuma yake ni watu wa upande wa kulia! Watu baki! Watu ambao hawajawahi kumnunulia hata daftari! Na mimi niliyemlea nitakuwa nyuma ya kamera pamoja na nyaya.

Nikatazama upande wa kulia. Safu ya mbele kabisa, kiti kitupu. Cha mgeni fulani ambaye hajatokea tangu jana.

Mara ya kwanza taa ikapasuka. Mara ya pili Malkia akakohoa. Mara ya tatu Kinanda mwenyewe akaanza mapema, akaomba radhi. Wakapumzika kidogo. Moshi ukapulizwa. Dada Mfanano alikuwa nyuma ya jukwaa, kifungo cha gauni la Malkia kimekatika. Nikaona sasa au kamwe. Nikainama, nikapita nyuma ya safu ya mwisho. Mke wangu alinishika koti, nikamwachia mkononi kifungo kimoja cha dhahabu.

Nikakaa. Muziki ukaanza. Malkia akanyamaza. Kinanda akaja mpaka kwenye ncha, hatua chache tu mbele yangu, nikaona mpaka mshono wa gauni lake. Kamera ikamgeukia, kile kitaa chake chekundu cha kurekodi kikawaka kikinitazama mimi! Nikasimama. Nikainua mikono yote miwili juu. Nikabaki hivyo mpaka mwisho ili nisiharibu picha.

Ukumbi ulilipuka. Mwongozaji kapiga ukelele wa furaha kwenye spika. Malkia kasema hiyo ndiyo, hairudiwi, yeye anaondoka na ndege asubuhi. Watu walikuwa wanafuta macho. Mimi sikukiachia kile kitaa hata sekunde moja.

Mke wangu haongei na mimi. Ni furaha, wengine ikizidi inawafunga mdomo.

Ijumaa, 7 Agosti

Aibu. Aibu ya mwaka.

Siku ya mwisho, bendi tupu inamalizia viporo. Nimekaa mahali pangu kushoto, natuna. Akaja Dada Mfanano, akaniita nje. Ndani ya kachumba kadogo kalikojaa skrini alikuwepo mwongozaji, ameshika kichwa. Wakanionyesha.

Nusu ya kwanza ya wimbo: mimi kushoto, kando ya mke wangu. Nusu ya pili, wimbo uleule, pumzi ileile: mimi kulia, mikono juu. Jioni moja, wimbo mmoja, mtu mmoja, pande mbili! Akarudisha nyuma, akanionyesha tena. Kushoto. Kulia. Nilionekana nimependeza pande zote mbili, lakini sikuona kama ni wakati wa kulisema.

Nikauliza kama hawawezi kunifuta. Mwongozaji akasema angeweza kumfuta mtu wa kawaida. Nikauliza kama hawawezi kurudia. Akasema Malkia yuko angani. Kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniua, kwamba itabidi mistari minne ikatwe. Watatoka kwa Malkia waende moja kwa moja kwenye gitaa.

Kinanda alikuwa mlangoni. Sikujua. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Baba, nilikuomba kijivu." Akaondoka.

Nimekula peke yangu. Mke wangu kaweka kile kifungo cha dhahabu kando ya sahani yangu. Mtoto yuko chumbani, haimbi, hata bafuni haimbi. Ziara imekwenda na maji. Mimi ndiye niliyeikata, kwa mkasi wangu mwenyewe. Nimejisikia vibaya sana, sijui hata niandike nini.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimeamka na wazo! Mungu hamtupi mja wake.

Nimekwenda mpaka ukumbini. Mlinzi hakutaka kuniruhusu. Nikamwambia mimi ndiye yule wa njano. Akanifungulia, tena kwa huruma.

Nimemwambia mwongozaji kwamba kuna jambo tulisahau kulisema. Tuko wawili. Mapacha. Ndugu yangu alikuwa kulia muda wote na suti kama yangu, tulishonewa pamoja. Dada Mfanano akauliza imekuwaje hayupo kwenye picha hata moja ya Jumatano. Nikasema alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Akauliza mtu gani anafunga kamba za viatu siku nzima. Nikasema ndugu yangu ni mzito kidogo.

Mwongozaji akanitazama, akaitazama skrini ambayo Kinanda alikuwa amesimama kinywa wazi. Akasema mistari ile minne ndiyo kitu kizuri kuliko vyote alivyorekodi, imemnyima usingizi. Akasema hajali huyo pacha wangu kazaliwa siku moja na mimi au kazaliwa leo asubuhi. Anachotaka ni watu wawili wa njano ndani ya picha moja, mmoja kushoto, mmoja kulia. Viti vya ukumbi vinaondolewa Jumatatu jioni. Niwe nimemleta kabla ya hapo, na watazamaji wachache wataitwa kujaza nafasi.

Nimerudi nyumbani naruka. Nimemwambia Kinanda kupitia tundu la ufunguo kwamba mambo safi.

Nimefika kwenye cherehani ndipo nikakumbuka sina pacha.

Jumapili, 9 Agosti

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia kwa Shemeji.

Nimefikiri kila mtu mtaani. Muuza mkaa ni mrefu. Fundi baiskeli ana nywele. Mwenye kitambi kama changu, upara kama wangu, na shingo kama hana, ni mmoja tu. Mara ngapi watu wamempiga yeye mgongoni wakidhani ni mimi, na mara ngapi nimekasirika!

Nimekwenda kwake. Alikuwa kwenye gari la mafunzo, anamfundisha mama mmoja kurudi nyuma. Akaniacha nisimame juani mpaka yule mama akamaliza kugonga ndoo zote alizopangiwa. Nikamweleza. Akafurahi taratibu. Akasema atakuja, kwa ajili ya mpwa wake, damu yake. Ila kwa sharti moja: leo, mbele ya familia yote, nikiri kwamba sauti ya Kinanda imetoka kwenye ukoo wao.

Nilikataa. Nikatembea mpaka kona. Nikamfikiria mtoto alivyosema kuhusu kijivu. Nikarudi.

Basi sebuleni kwetu, mchana kweupe, mke wangu amekaa, Kinanda kasimama mlangoni na macho mekundu, mimi nikasema. Nikasema harakaharaka, huku nimewasha feni. Shemeji akainuka akaizima. Mke wangu akasema Baba Kinanda, hatukusikia. Nikasema tena. Shemeji akaomba nimalizie na habari ya babu na mto. Nikamalizia na babu na mto.

Kinanda kacheka. Kidogo, lakini kacheka. Ni cheko la kwanza tangu Ijumaa, na kwa hilo ningekiri hata kwamba babu yao ndiye aliyeuchimba huo mto.

Kitambaa hakikutosha. Kumbe tangu Jumanne mke wangu ameuza vipande viwili kwa mtu wa mahema. Suti ya Shemeji ni ya njano mbele tu. Mgongoni ni bitana. Nimemwonya: akigeuka, tumekwisha.

Jumatatu, 10 Agosti

Imefanyika, lakini kwa hasara yangu.

Tumefika wawili wa njano. Mlinzi katutazama, kajitazama, kaondoka kwenda kunywa maji. Shemeji kaingia, kabandika mgongo ukutani, kisha kaenda ubavu kama kaa. Dada Mfanano akauliza kwa nini anatembea hivyo. Nikasema ni mzaliwa wa pili.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Nilikwenda moja kwa moja upande wa kulia, safu ya mbele, penye mambo. Dada Mfanano akanishika bega. Akasema mzee, wewe una mke, na mke wako kakaa kushoto, na kwenye picha za Jumatano uko naye. Pacha ndiye wa kulia. Nikasema tunaweza kubadilishana mke kwa muda mfupi tu. Mke wangu alisikia.

Kwa hiyo mimi kushoto na nyaya. Shemeji kulia!

Wamepiga picha ya sisi wote wawili kwa pamoja, sawa. Kazi ingeishia hapo. Lakini mwongozaji akasema anataka pia sura ya huyu wa kulia peke yake, karibu, aonekane ameguswa. Wakampigia sauti ya Kinanda kwenye spika ili imsaidie. Sikuiona sura yake vizuri kwa sababu nilikuwa nabishana na mpiga kamera wa kushoto, namwonyesha kwamba na mimi nimeguswa, na nimeguswa kabla yake. Nilipogeuka, Shemeji alikuwa analia! Machozi ya kweli, makubwa, yanashuka kwenye njano yangu! Ukumbi ukampigia makofi. Mwongozaji akaja kumshika mkono.

Nje nikamuuliza alifikiria nini. Akasema hakufikiria kitu, alimsikiliza mtoto tu. Unafiki mtupu.

Kinanda kamkumbatia. Kamwambia asante, mjomba. Halafu kanikumbatia na mimi, akasema mistari imebaki, haikatwi. Basi. Mengine tutayaona.

Jumamosi, 29 Agosti

Siku yenyewe! Kipindi kimeoneshwa leo saa moja jioni.

Sebule ilijaa pomoni. Majirani, wateja wangu, wanafunzi wa udereva wa Shemeji ambao hakuna aliyewaalika. Yeye mwenyewe kakaa kwenye kiti changu. Kinanda alikaa sakafuni kati ya miguu ya mama yake, kashika simu kwa mikono miwili. Hakuwa anaitazama televisheni sana. Alikuwa anatazama simu.

Nyimbo za kwanza nimeonekana mara moja. Nusu. Televisheni yetu ni ya zamani, inakata ukingo wa kushoto, na mimi niko ukingoni. Lilionekana bega na sikio. Nikasimama nikawaonyesha watu sikio langu. Wakasema kaa chini.

Kisha wimbo wa Kinanda. Malkia kanyamaza. Kinanda akaja kwenye ncha ya ulimi, na nyuma yake mikono miwili ya njano iko juu. Mikono yangu! Ileile ya Alhamisi! Lakini kichwa chake kimeziba uso wangu. Halafu picha ikabadilika, sura ya Shemeji, imejaa skrini nzima, chozi linashuka. Sebule ikapiga yowe: mjomba! mjomba! Ikarudi kwa Kinanda na mikono. Watu wakasema tazama mikono ya mjomba. Ndipo nilipopandwa. Nikasimama mbele ya televisheni, nikaeleza kwa sauti kwamba mikono ile ni yangu, yule analia ni mtu mwingine, alirekodiwa siku nyingine, mgongoni ana bitana! Wakanivuta chini kwa mkanda.

Walipofanikiwa, gitaa lilikuwa linalia.

Kisha simu ikalia. Kinanda akaitazama, akampa mama yake, akaichukua tena. Akaitika ndiyo. Akaitika ndiyo nyingine. Akaikata, akatuambia ni watu wa Malkia. Anakwenda ziara!

Jamani! Tulipiga kelele mpaka mwenye nyumba akaja, akaambiwa, akapiga yeye pia. Mimi nimelia wazi mbele za watu, na hapakuwa na kamera hata moja. Nimemnyanyua mtoto kama ana miaka mitano, kiuno kimegoma. Shemeji kanikumbatia, nimemwacha anikumbatie.

Watu walipotawanyika, mke wangu akawa anakusanya vikombe. Akaniuliza, polepole, Baba Kinanda, ulipomsikia umeonaje. Nikasema vizuri sana. Akauliza mstari gani umekugusa zaidi. Nikasema wa pili. Akauliza unasemaje huo wa pili.

Nikasema nakwenda kufunga geti.

Geti letu halina kufuli. Nimesimama pale. Ni kweli: ukumbini nilikuwa natazama kitaa, Jumatatu nilikuwa nabishana na mpiga kamera, leo nilikuwa naeleza habari ya mikono. Nchi nzima imemsikia mtoto wangu. Muuza mkaa kamsikia. Mimi baba yake sijamsikia.

Marudio ni kesho alasiri. Nimeapa kukaa kimya, mikono mapajani, na kusikiliza. Hilo tu. Shemeji akitaka aje na ngoma.

Jumapili, 30 Agosti

Nilikaa kimya. Nataka iandikwe hivyo. Nilikaa kiti cha nyuma, mikono mapajani, tangu kipindi kilipoanza. Kinanda kaniletea chai mwenyewe. Mke wangu kanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu tuoane. Shemeji kaja amevaa suti, ile ya njano, mchana, nyumbani kwangu, na sikusema neno.

Shida ni ule ukingo wa kushoto. Likapita bega langu. Likapita sikio. Nikawaza: kwa nini watu waangalie marudio yenye kasoro? Antena yetu imeinama kidogo upande wa kulia. Ukiiinamisha kushoto, ni lazima picha isogee, ni akili ya kawaida tu. Na wimbo wa Kinanda ulikuwa bado. Nikasema nakwenda maliwatoni.

Nikapanda juu ya paa. Bati linaunguza! Nikaishika antena, nikaisukuma kidogo, nikaivuta. Chini hawakulalamika. Nikaisukuma tena.

Ndipo nikasikia kitu kinapenya kwenye bati. Nyumba nzima ilikuwa kimya, hata watoto wa jirani kimya, na ile sauti inapanda yenyewe. Mstari wa kwanza. Nikaiachia antena. Ilianza nyembamba, kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowajua, halafu ikafunguka. Kumbe hivi! Kumbe ndicho kilichokuwa kinawaliza! Yule mtoto niliyembeba mgongoni, yule aliyekuwa akilia kwa kupandisha na kushusha! Nikakaa palepale kwenye bati la moto, machozi yananitiririka, na sikutaka kitu kingine chochote duniani. Mstari wa pili.

Halafu nikakumbuka kwamba kwenye wa tatu mikono yangu inarudi.

Nikalala kifudifudi, nikaning'iniza kichwa ukingoni kwenye dirisha la sebule, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote kuuliza: nimeonekana?